Oda Tano za Mwandiga

Mama yangu aliuza dagaa Ujiji kwa zaidi ya miaka ishirini bila kuulizwa nywila na mtu yeyote. Kisha nikarudi mimi kutoka chuoni na cheti cha kompyuta, na raha yake ikaishia hapo.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Mji ulijaa magari meupe yenye antena ndefu. Warundi walikuwa wakivuka kwa makundi na kupelekwa kambini, na Wakongo waliokwisha zeeka kambini walikuwa wakichaguliwa familia moja moja kupelekwa nchi za baridi. Mmoja wao alikuwa mteja wa mama. Kila alipopata kibali cha kuja hospitali mjini, alipitia kwetu akanunua dagaa, akakaa kwenye kigoda akamsimulia mama magonjwa yake yote, kisha akarudi kambini. Siku moja akaja kuaga, na baada ya miezi kadhaa akatutumia sauti kwenye simu kutoka huko alikopelekwa. Alisema nyumba ni nzuri, watoto wanasoma, samaki wa huko hawana ladha ya kitu chochote. Akasema ana ndugu Dar wanaoweza kumsafirishia mzigo, na wenzake aliotoka nao kambini wanataka pia. Akauliza, "Sasa nawalipaje?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nijione mjanja.

Nilifungua duka kwenye mtandao wa kampuni moja ya nje. Ni kama kupanga fremu mjini: unalipa kila mwezi, wenye nyumba wanakupa rafu, mlango na kengele, wewe unaleta bidhaa. Nikapiga picha dagaa wa mama wakiwa wameanikwa, nikapiga picha chupa za mawese, nikaandika maelezo matamu mpaka mama mwenyewe akaniuliza huyo anayeuza vitu hivyo ni nani. Lilipofika suala la malipo nikakuta duka lina njia yake ya kupokea pesa za kadi, imejengwa ukutani tayari. Unachotakiwa ni kuchagua nchi yako. Nikashuka kwenye orodha: Taiwani, kisha Thailandi. Nikapanda juu, nikashuka tena polepole, nikidhani labda nimeruka mstari. Tanzania haikuwemo.

Mama alikuwa ananichungulia begani. "Hao wa Thailandi wana dagaa?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Basi waweke wao walipwe, sisi tule kwa macho."

Ikabidi nitafute kampuni ya pembeni. Si yetu, wala si ya wenye duka. Inakaa katikati, inapokea pesa za simu na za kadi, kisha inatuletea sisi. Nilipata moja ya Dar yenye maneno mazuri kwenye tovuti yake, nikamweleza mama.

"Kwa hiyo ni dalali," akasema.

"Si dalali, mama. Ni mtoa huduma za malipo."

"Anakaa katikati?"

"Ndiyo."

"Anakata chake?"

"Kidogo."

"Dalali," akasema, akaendelea kuchambua dagaa.

Fomu ya dalali ilitaka vitu vitatu: jina la mwenye duka, kitambulisho chake cha taifa, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina hilohilo. Mimi nilikuwa navyo vyote. Marehemu baba alikuwa Muha wa ukoo unaojulikana hata na mbuzi wa kijijini kwao, kwa hiyo kitambulisho changu kilitoka bila maswali. Nikaanza kujaza jina langu. Mama akaweka mkono wake wenye chumvi juu ya kompyuta yangu, jambo nililokuwa nimemkataza mara nyingi.

"Andika langu," akasema.

Nilimwambia hana kitambulisho. Akasema anajua kwamba hana. Nikamwambia basi tutumie changu kwa sasa, pesa ni ileile. Hapo mama, ambaye si mtu wa kupaza sauti, akaniambia kitu ambacho sijakisahau. Laini yake ya simu ilikuwa kwa jina langu. Leseni ya biashara ilikuwa bado kwa jina la baba, na baba yuko kaburini. Nyumba ilikuwa kwa jina la babu mzaa baba. "Dagaa nimewanunua mimi, nimewaanika mimi, nimewauza mimi," akasema. "Mtu akinilipa kutoka Ulaya, nataka aone amemlipa nani." Kisha akanawa mikono akaenda kuswali, na fomu ikabaki wazi.

Kosa la kukosa kitambulisho halikuwa la mama. Lilikuwa la mjomba.

Babu mzaa mama alivuka kutoka ng'ambo ya ziwa akiwa kijana, akaoa Ujiji, akazaa Ujiji watoto wawili: mama, na mdogo wake wa kiume anayeishi Mwandiga. Mjomba aliwahi kuandikishwa mapema, wakati maswali yalikuwa machache. Mama alichelewa kwa sababu siku ya kuandikisha dagaa walikuwa bei nzuri. Alipokwenda, mji ulikuwa umeshajaa wakimbizi na maswali yalikuwa yameongezeka. Afisa hakuwa mkorofi. Alimwomba tu amlete ndugu mwenye kitambulisho athibitishe kwamba ni watoto wa nyumba moja. Mama akamleta mjomba. Mjomba akatazama meza, akatazama mihuri, akaingiwa na hofu kwamba akikubali kuwa na dada anayechunguzwa, na chake kitachunguzwa. Akasema, "Huyu mama namfahamu. Huwa nanunua dagaa kwake."

Mama alitoka pale kwa miguu mpaka nyumbani, na kwa miaka mitatu hakutamka jina la mdogo wake. Mimi nilikasirika kuliko yeye, na nilimsema mjomba kwa kila aliyekuwa na masikio.

Hapo nieleze jambo moja la huku kwetu. Muuzaji wa dagaa akishapima, hutia mkono tena akakuongezea. Hiyo ndiyo nyongeza. Mkono mmoja ni heshima ya kawaida, unampa hata mtu usiyemjua. Mikono miwili iliyokingwa pamoja ni ya ndugu. Ukipimiwa kilo ikawa kilo kamili, mfuko ukafungwa, basi umeshaambiwa unavyotazamwa na huna haja ya kuuliza. Mama alinitaka niweke nyongeza kwenye duka la mtandaoni. Nilitafuta kitufe chake siku nzima.

Fomu ikiwa imekwama, niliamua angalau nijifunze mitambo. Kampuni ya Dar iliruhusu mtu kufungua akaunti ya majaribio bila kitambulisho. Wanakupa namba ya kadi ya uongo, tarakimu kumi na sita, karibu zote nne na mbili. Unaingia dukani kwako kama mteja, unanunua, unaandika ile namba, na duka linaamini kabisa kwamba limelipwa. Pesa haijatoka popote na haijaingia popote. Mtandao wa Ujiji ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo asubuhi moja nikabeba kompyuta nikaenda Gungu, kwenye duka la huduma za intaneti, nikakaa huko kutwa.

Duka lilitaka jina la mteja na mahali pa kupeleka mzigo. Nilikuwa nimeweka nauli za sehemu tatu tu, Ujiji, Gungu na Mwandiga, na nauli ya Mwandiga ndiyo iliyokuwa inaleta hesabu za ajabu. Mwandiga nzima nilijua nyumba ya mtu mmoja. Mkono uliandika jina la mjomba kabla akili haijauzuia, nikaandika na nyumba yake, jirani na mashine ya kusaga. Kilo moja ya dagaa. Nikabonyeza. Ukurasa ukawa mweupe. Nikangoja, nikatukana kidogo, nikarekebisha kitu, nikanunua tena. Mara ya pili ukurasa ukarudi lakini bila risiti. Mara ya tatu risiti ikaja bila nauli. Mara ya nne nauli ikaja kubwa kuliko dagaa. Mara ya tano, jua likiwa limeanza kuelekea ziwani, kila kitu kikakaa sawa. Nikanunua soda nikanywa peke yangu kwa ushindi.

Kitu nilichosahau ni kengele. Siku ya kwanza kabisa nilikuwa nimeunganisha simu ya mama na duka, ili oda ikiingia apate ujumbe aanze kufunga mzigo. Nilikuwa nimemfundisha kwa subira yote niliyojaliwa: ukiona jina la mteja, na chini yake neno "Imelipwa", unafunga, unatuma, huulizi. Kulikuwa na neno "jaribio" pia, kwenye kona, kwa herufi za ukubwa wa yai la chawa.

Nilirudi nyumbani nikakuta kichanja cha dagaa kimepungua nusu. Mama alikuwa amekaa barazani amevaa kitenge chake kizuri, kile cha harusini. Dereva wa bodaboda anayetupelekea mizigo alikuwa amelala juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Oda zimeingia," akasema. "Tano. Zote za Mwandiga."

Nikamgeukia dereva. "Umepeleka ngapi?"

"Zote, dada. Moja moja, jinsi zilivyokuwa zinaingia. Nikifika hapa nakuta nyingine inafungwa."

"Na umempa nani?"

"Mwenyewe. Yule mzee wa karibu na mashine."

Nikakaa chini. Dereva, ambaye ni Muha wa Mwandiga na hajawahi kufupisha habari maishani mwake, akaanza kuripoti safari moja baada ya nyingine, na mama akasikiliza kama hajayasikia, ingawa nilijua ameshaambiwa yote. Safari ya kwanza mjomba alitoka mlangoni akauliza, "Nani kafa?" Dereva akamwambia hakuna aliyekufa, ni dagaa, wameshalipiwa. Mjomba akachukua mfuko akaenda kuupima kwenye mizani ya jirani.

"Kilo kamili," dereva akasema. "Aliurudisha ndani kichwa kimeinama."

Safari ya pili aliupima tena. Haukuwa kilo kamili, ulizidi mkono mmoja. Akakaa kwenye kizingiti. Safari ya tatu hakwenda kwenye mizani, aliingiza mkono mfukoni akapima kwa kiganja, akamkaribisha dereva chai. Safari ya nne aliuliza kama mguu wa dada yake bado unamsumbua wakati wa mvua.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, ego, ndiyo, unasumbua."

"Na ya tano?"

Dereva akajikuna. "Ya tano mfuko ulikuwa umejaa mpaka haufungiki, mama kaufunga kwa kamba. Yule mzee alikuwa analia. Au moshi. Kulikuwa na jiko la kuni pale."

Nilikuwa nimefungua mdomo kusema ukweli. Nilikuwa na sentensi nzima tayari: mama, hizo oda ni za uongo, nimezitengeneza mimi Gungu, mdogo wako hajanunua hata dagaa mmoja. Lakini nilitazama kile kitenge cha harusini, nikafunga mdomo. Naona aibu kusema kwamba sehemu ya kimya changu ilikuwa woga wa kudaiwa kilo tano za dagaa daraja la kwanza, pamoja na nyongeza.

Kesho yake asubuhi, chai haijachemka, mjomba akafika. Alikuwa amevaa koti, na chini ya kwapa alikuwa na jogoo aliyefungwa miguu, mwenye hasira kuliko mtu yeyote pale uani. Nilimwamkia, "Shikamoo, mjomba," kwa sauti ambayo haikuwa na shikamoo ndani yake. Akaitikia, akabaki amesimama. Mama alitoka ndani. Nikajiandaa kwa kilio, au kwa mwiko wa ugali, nilikuwa tayari kwa chochote.

"Dagaa nimepata," mjomba akasema.

"Wamekauka vizuri?" mama akauliza.

"Wamekauka."

"Hawana mchanga?"

"Hawana."

Mama akampokea jogoo. Nilingoja neno la samahani litamkwe na mmoja wao, nikangoja mpaka chai ikanywewa ikaisha, halikutamkwa. Mjomba aliamini dada yake amemkumbuka kwanza. Mimi nilidhani mama anaamini kwamba mdogo wake ndiye aliyejirudi na kununua. Nilikaa katikati yao nikitazama vikombe, mtu pekee anayejua kwamba waliopatanishwa wamepatanishwa na kadi ya uongo. Mjomba akaweka kikombe chini, akasema, "Ile ofisi hufunguliwa saa ngapi?"

Tulikwenda watatu. Afisa alikuwa yuleyule, na kumbukumbu yake ilikuwa nzuri kuliko tulivyoombea. Alimtazama mjomba muda mrefu.

"Mzee, si wewe uliyekuja hapa ukasema unamfahamu tu kwa kununua dagaa?"

"Ni mimi."

"Na leo?"

"Ni dada yangu. Baba mmoja, mama mmoja, tulilala mkeka mmoja mpaka nilipopata akili ya kuwinda panya."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Siku ile niliogopa," mjomba akasema. "Sasa nimekula dagaa wake kilo tano na ushee, nikimkana leo naogopa zaidi."

Afisa akacheka, akaita mwenzake aje asikie, kisha akatuuliza maswali yote kuanzia mwanzo, kaburi la babu liko wapi, bibi alizaliwa kwa nani, nani alikuwa jirani. Mjomba alijibu mpaka yale ambayo hakuulizwa. Ulipofika wakati wa alama za vidole mashine ikamkataa mama. Chumvi, mchanga na magamba ya miaka yote ile vilikuwa vimemfuta ncha za vidole, zikawa laini kama kijiko. Wakajaribu mara nne. Mjomba akashauri apakwe mawese. Afisa akakataa mawese, akaleta kitambaa chenye maji, na kidole cha pete kikakubali. Mama alitoka pale akikitazama kidole hicho kama mkwe aliyemtilia shaka bure.

Namba yake ilitoka baada ya wiki kadhaa. Kadi yenyewe ilichelewa sana, lakini dalali wa Dar alitaka namba tu. Tukasajili laini kwa jina lake, nikajaza fomu kwa jina lake, na siku ya tatu wakatujibu kwamba akaunti imekubaliwa. Mama alinifanya nimsomee barua hiyo mara mbili, halafu akaisoma mwenyewe, kidole kikipita chini ya jina.

Sasa ikanibidi niseme. Nilikuwa nazima hali ya majaribio na kuwasha malipo ya kweli, na kama asingejua tofauti, siku moja angetuma mzigo wa uongo mpaka Dar. Nilimkuta kwenye kichanja, anageuza dagaa. Nilizunguka zunguka kwa maneno, nikaeleza habari za kadi na tarakimu, nne na mbili, nne na mbili, mpaka nikafika.

"Mama, zile oda tano za Mwandiga. Mjomba hakununua. Nilikuwa mimi."

Hakuacha kugeuza. "Mjomba wako ana simu ya tochi," akasema. "Simu ya tochi itanunuaje dagaa kwenye kompyuta?"

"Kwa hiyo ulijua?"

"Ya kwanza niliamini. Nikasema, kumbe ana uso wa kununua kwangu, basi na apate kilo yake kamili. Ya pili ilipoingia ndiyo nikaikumbuka ile simu yake. Nikajua ni weye na mashine zako."

Nikakumbuka mizani ya jirani na ule mkono mmoja uliozidi. Nikamuuliza, basi ya pili kwa nini aliifunga, na ya tatu, na ya nne, na ile ya tano iliyofungwa kwa kamba.

"Weye ulinifundisha nikiona imelipwa nisiulize," akasema. Akachukua dagaa mmoja aliyevunjika, akamtafuna, akatazama upande wa barabara ya Mwandiga. "Ya kwanza ilikuwa yako. Zile nyingine zilikuwa zangu."